Kiapo cha Adam wa Harbley

Erdington, Birmingham
Jumapili, 14 Januari 2024

Shangazi Jeannine mpendwa,

Leo nimekaa mezani na karatasi safi, na nimeahidi mbele ya Mama kwamba nitakueleza yote bila kuruka, kwa sababu barua yako ya Noeli ilisema barua zangu zinafanana na orodha ya sokoni. Umesema kweli. Nilikuwa naandika mbio ili nimalize.

Sisi ni wazima. Mama bado anahudumia wazee katika ile nyumba yao, na mgongo unamuuma kila Ijumaa. Baba yuko ghalani kama zamani, anapanga maboksi, anarudi akiwa na baridi hata kwenye kope. Mimi daktari wa moyo aliniona mwezi wa Desemba, akasikiliza, akasema nirudi baada ya mwaka mzima. Baba alipiga magoti palepale hospitalini. Niliona aibu kidogo.

Sasa shule. Muhula huu tunajifunza vita vya Waingereza kwa Waingereza, mwaka 1264 na 1265. Sikujua kama na wao waliwahi kuchinjana hivyo. Mkuu mmoja, Simon, aliinuka dhidi ya Mfalme Henry, na kila mwenye shamba alilazimika kuchagua upande. Mwalimu wetu wa historia, Bi Rajni, amempa kila mwanafunzi ukoo mmoja wa zamani aufuatilie. Mimi nimepewa ukoo wa Hugh wa Harbley. Alikuwa mtu wa daraja la wapiganaji wenye farasi, upanga na shamba, ambao watu waliwaita Sir. Alimfuata Simon, akauawa pamoja naye kwenye mapigano ya Evesham, si mbali sana na hapa. Baada ya hapo mfalme akachukua mashamba ya wote waliompinga.

Jumamosi nilikwenda na rafiki yangu Sagal kumwona. Amelala kanisani kijijini kwake, amechongwa kwenye jiwe, pua imekatika na mbwa yuko miguuni. Sagal, ambaye wazazi wake walikulia Nairobi, alimtazama akasema, "Huyu jamaa alingoja basi namba kumi na moja mpaka akageuka jiwe." Basi hilo la mjini kwetu huchelewa mno; ukilingoja siku moja utaelewa kwa nini tulicheka hadi mzee wa kanisa akatukoholea.

Baba amesimama nyuma yangu na anasema niandike hivi, kwa maneno yake: "Dada, faili lako bado linashughulikiwa. Watu wa ofisi wana kazi nyingi. Ngoja kwa saburi." Nimeandika kama alivyosema.

Binti yako,
Sagesse


Kambini, Kasulu
20 Februari 2024

Mwanangu Sagesse,

Barua yako imenifikia juzi. Safari hii nimeisoma nikiwa nimekaa, maana ilistahili kukaliwa. Umekosea mara saba, na makosa nimeyaandika kwa kalamu nyekundu nyuma ya karatasi hii. Mwaka jana yalikuwa ishirini na moja, kwa hiyo usinune.

Niko mzima. Darasa langu lina watoto themanini na wanne na chaki inagawanywa vipande vinne. Maharage yamekubali mwaka huu. Mwambie mama yako aweke kitambaa cha moto mgongoni, na asiniambie kwamba huko hakuna moto.

Huyo Hugh wako amenifurahisha na kunihuzunisha. Hujaniambia kama alikuwa na watoto. Mtu akifa vitani, swali la kwanza si nani alishinda. Swali la kwanza ni nani analala sasa kwenye nyumba yake. Litafute hilo, uniletee.

Sasa nina jambo la baba yako, nawe ndiwe mkono wake, kwa hiyo umsomee polepole.

Huku kuna orodha ya wanaorudi Congo kwa hiari. Kundi la Baraka litaondoka Julai, na orodha inafungwa tarehe thelathini Juni. Unajua nina kiwanja Baraka, kile alichoniachia marehemu mume wangu. Mtu amenipigia simu kwamba kuna mgeni ameshaanza kufyatua matofali pale. Nikiwahi, majirani waliozika wazazi pamoja nasi bado wapo na watashuhudia kwamba ni changu. Nikichelewa mwaka mmoja, nitakuta nyumba ya bati na watoto wa watu wanacheza mlangoni.

Jina langu nimeliandikisha kwenye orodha hiyo. Lakini aliye na faili la kwenda Ulaya akirudi Congo, faili linakufa. Nimelingoja hili tangu ninyi mlipoondoka, miaka kumi na miwili. Nilikubeba mgongoni kwenda kliniki mpaka kanga ikachukua umbo lako, na nilikubali kubaki kwa sababu niliambiwa nitafuata. Kwa hiyo namuuliza Félicien, mdogo wangu wa tumbo moja: faili linatembea au halitembei? Kama linatembea, nitafuta jina na kungoja. Kama limelala, naenda kwenye udongo wangu. Anijibu moja kwa moja. Kwenye simu tunasalimiana na kuomba tu. Hili nalitaka kwa karatasi.

Shangazi yako,
Jeannine


Erdington
24 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Samahani, barua hii itakuwa fupi. Tunaendelea vizuri. Baridi imepungua. Mama amejaribu kitambaa cha moto na anakushukuru.

Nimefuata swali lako. Hugh alikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka sita, Isabel. Vita vilipowaka alikuwa amepelekwa kwa masista ili awe salama. Hugh alikuwa pia na mdogo wake, Adam, ambaye hakupigana. Mwaka uliofuata mfalme alilegea, akasema jamaa za waliokufa wanaweza kukomboa mashamba. Makarani wakaja Harbley wakamwapisha Adam mbele ya wanaume kumi na wawili. Wakamuuliza kama ndugu yake ameacha mtoto. Adam akasema hakuacha. Shamba likawa lake.

Miaka thelathini na minne baadaye, akiwa mzee, aliwapa wale masista kipande cha malisho, na kwenye hati aliandikisha kwamba anakitoa "kwa ajili ya roho ya Hugh ndugu yangu, na ya Isabel binti yake." Ukiondoa mstari mmoja wa daftari la masista, wenye umri wake siku waliyompokea, hiyo tu ndiyo alama iliyobaki kwamba msichana huyo aliwahi kuishi.

Ninaandika insha juu yake. Nimemwita Adam mwizi.

Shule ilitaka nakala ya cheti changu cha kuzaliwa kwa ajili ya wiki ya kujifunza kazi, nikakitafuta kwenye sanduku la Baba. Kuna jambo niliona humo. Nitakueleza, lakini si leo.

Nilimsomea Baba maneno yako polepole, kama ulivyotaka. Akaniambia niandike: "Dada, ngoja. Linatembea."

Sagesse


Kambini, Kasulu
29 Aprili 2024

Mwanangu,

Umekosea mara mbili tu, na hilo halijanifurahisha. Mtoto anayeandika bila makosa anaandika kama anayetembea juu ya mayai.

Mvua zimetupiga vibaya. Paa la darasa limekwenda na tunasomea chini ya turubai. Mimi nilikuwa na homa wiki mbili, imekwisha.

Barua yako ilikuwa na mistari miwili iliyofutwa kwa kifutio, juu kidogo ya maneno ya baba yako. Karatasi iliyofutwa huwa nyembamba. Niliinyanyua juani nikaona wino, lakini maneno sikuyapata. Nimefundisha zaidi ya miaka ishirini, Sagesse. Mtoto anayeficha daftari namjua hata kwa namna anavyokaa.

Hata hivyo nimeshika kilichoandikwa. Kilichoandikwa ni kwamba nisubiri, linatembea. Kwa hiyo tarehe kumi na tano mwezi huu nilikwenda kwa mwandishi wa orodha nikalifuta jina langu la Baraka. Nafasi nimempa jirani yangu Saido na wanawe wawili. Mwandishi ni kijana mwenye adabu, aliniambia, "Mwalimu, ukibadili nia, rudi kabla ya thelathini Juni, nitakupenyeza." Nikamwambia sibadili, mdogo wangu ameandika.

Yule anayefyatua matofali amefika kwenye madirisha. Nimeacha kuuliza.

Kuhusu masomo yako: umeniandikia alichosema Adam na alichopata Adam. Hukuniandikia jambo moja. Isabel alijua? Alipokuwa mtu mzima kwa masista, alijua kwamba aliyesema hayupo ni baba yake mdogo? Au alikaa dirishani miaka yote akiamini ni mfalme aliyemnyima?

Nataka kujua hilo. Usiulize kwa nini.

Jeannine


Erdington, Birmingham
Jumapili, 26 Mei 2024

Shangazi,

Nimepokea barua yako juzi Ijumaa. Sikuanza kwa salamu kwa sababu naogopa nikisalimia nitapata mahali pa kujificha.

Hakuna faili. Halijawahi kuwapo. Tafadhali, kabla ya kusoma zaidi, nenda kwa yule mwandishi ukarudishe jina lako. Mchungaji Aganze wa kanisa letu anasafiri Jumapili ijayo kwenda Kigoma, na ameniahidi barua hii ataiweka mkononi mwako mwenyewe, maana kwa posta ingeweza kufika Julai.

Sasa nitaeleza kwa mpangilio.

Tarehe tisa Machi nilipotafuta cheti, nilikuta chini ya sanduku nakala ya karatasi ya mahojiano ya kambini ya mwaka 2011, ambayo watu wa kuwahamisha wakimbizi walimjazia Baba. Kuna sehemu ya wazazi, wote wawili marehemu. Kuna sehemu ya mke na watoto. Kisha kuna sehemu ya kaka na dada, walio hai au waliokufa. Pale kumeandikwa: hakuna. Chini yake ni sahihi ya Baba, ile yenye mkia mrefu.

Niliificha ndani ya daftari langu la historia. Wiki mbili baadaye Baba akaniambia niandike kwamba faili linatembea, nami nilikuwa nimeshaiona karatasi. Nilianza kukuandikia nilichoona. Ndiyo ile mistari miwili. Kisha nikasikia Mama anacheka jikoni, kitu ambacho hafanyi sana, nikaifuta. Nikaandika maneno ya Baba kwa mwandiko wangu mzuri uliounyoosha wewe mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Tangu hapo nimekupigia simu mara nne. Mara tatu mtandao ulikataa. Mara ya nne ulipokea, ukasema habari za jioni, nami nikakuuliza habari za maharage.

Baba alisema uongo kwa ajili ya uhai wangu. Mimi nilisema wangu kwa ajili ya amani ya mezani. Na ni wangu uliokufanya ulifute jina.

Leo baada ya ibada tulikaa mezani kula, barua yako ikiwa mfukoni mwangu. Bi Rajni alikuwa amenirudishia insha ikiwa na alama ya juu, na Mama akataka niisome kwa Kiswahili. Nikasoma. Nilisoma kwa sauti kubwa mahali nilipomwita Adam mwizi wa mtoto yatima, na nilimtazama Baba nikisoma. Nilikusudia kumtazama. Sijivunii.

Baba aliweka kijiko chini. Akauliza, "Huyo Adam alikuwa na watoto wangapi?"

Nikasema wanne.

"Na mliandika nini juu yao?"

Hatukuandika kitu. Lakini nilikuwa najua, kwa sababu Bi Rajni aliandika pembeni mwa insha yangu kwa penseli. Mrithi akiwa msichana mdogo, mfalme humpa mgeni shamba na msichana pamoja, mpaka atakapoolewa. Yule mgeni angewatoa Adam na wanawe wanne nje, wakati wa baridi. Alikuwa ameniuliza kama hilo linabadilisha chochote, nami niliruka swali hilo kwa kuwa lingeharibu insha.

Nikaitoa ile karatasi kwenye daftari nikaiweka kati ya sahani.

Baba hakukasirika. Aliuliza tu niliitoa wapi, halafu akaigeuza uso chini. Mama akasema, "Sema, Félicien. Ama nitasema mie."

Akasema. Alisema kwamba wakati ule wewe ulikuwa umetoka kambini bila ruhusa, umevuka kwenda Fizi, Congo, kumtafuta mume wako baada ya kusikia kwamba kuna majeruhi msituni, na hakuna aliyejua utarudi lini. Mimi nilikuwa na miaka miwili na midomo ya bluu. Daktari alikuwa ameandika kwamba nisingoje. Mwuliza maswali alishika kalamu akasema, ndugu? "Ningesema yupo, wangesema tumngoje ahojiwe naye," Baba alisema. "Nilitazama ile kalamu. Nikasema hakuna."

Uliporudi baada ya miezi miwili umemkuta mumeo kaburini, Baba alishindwa kukuambia. Akakuambia kwamba ofisi imekufungulia faili lako peke yako. Alifikiri tukifika huku atapata njia ya kurekebisha. Kila mwaka uliopita ukafanya mwaka uliofuata kuwa mgumu zaidi kusema.

Nilimuuliza kama amewahi kujaribu. Alisema mara moja, mwaka wa pili, alifika mpaka kwenye mlango wa mwanasheria, akaogopa kwamba watatunyang'anya makaratasi yote, akarudi nyumbani kwa miguu.

Halafu alilia, Shangazi. Sikumkumbatia mara moja. Nilimkumbatia baadaye, wakati Mama alipoondoa sahani.

Anasema kesho atakwenda kwa mwanasheria kueleza kwamba ana dada. Hajui kama itasaidia, wala mimi sijui. Nimemwambia sitakuandikia tena neno ngoja, hata akinitajia. Amekubali. Nilimpa kalamu aandike mwenyewe mstari mmoja hapa, akaishika muda mrefu akanirudishia. Amesema hana haki ya kukuomba kitu kwenye karatasi.

Sasa swali lako. Nilimpelekea Bi Rajni siku ya Ijumaa nilipoipata barua, nikamkuta anafunga darasa, akavua koti akakaa tena. Tulitafuta pamoja. Hakuna mahali popote pameandikwa kama Isabel alijua. Nimeisoma ile hati ya Adam mara nyingi. Aliandikisha jina la Isabel akiwa mzee, na kwa Kilatini, kwenye karatasi ya masista. Kama msichana huyo alikuwa hai siku hiyo, alikuwa ameshapita miaka arobaini. Sijui kama kuna aliyemsomea. Nadhani Adam alimwambia Mungu na hakumwambia yeye.

Nimeandika insha upya. Alama imeshatolewa, haitabadilika, lakini nimeondoa neno mwizi. Sikupata neno la kuliweka badala yake, kwa hiyo nimeacha nafasi.

Mimi sikuombi unisamehe kwa barua hii. Nakuomba uwahi orodha. Kama utarudi Baraka na Saido na wanawe, nenda ukasimame kwenye kiwanja chako mbele ya majirani, useme ni changu, na huyo mtu aondoe matofali yake. Ulikosa safari ya kuja huku kwa sababu yangu; usikose na udongo wako.

Moyo wangu unapiga vizuri. Nimefikiri sana kama niandike hilo, nikaona ni sehemu ya yote.

Nijibu kwa mkono wa Mchungaji Aganze, anarudi huku tarehe ishirini Juni, hata kama ni mstari mmoja na makosa yangu nyuma yake. Ukishafika Baraka, nikuandikie kwa anwani gani?

Sagesse